Ekari Kumi kwa Dola 600: Urafiki, Upweke na Ndoto Zilizovunjika za Vibarua Wahamaji katika Riwaya ya "Of Mice and Men"

1.0 Utangulizi

Riwaya fupi ya John Steinbeck, "Of Mice and Men", ilichapishwa mwaka 1937, Marekani ikiwa bado katika mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Inasimulia siku chache za vibarua wawili, George na Lennie, katika shamba la shayiri karibu na Soledad, jimboni California. Ni rahisi kuisoma kama kisa cha upweke wa binadamu popote alipo. Hata jina Soledad, kwa Kihispania, lina maana ya upweke. Insha hii inaisoma kama chanzo cha historia ya kazi. Hoja yake ni kwamba upweke wa wahusika ulizalishwa na mfumo wa ajira, na kwamba bei ya shamba wanaloliota, ikipigiwa hesabu, inaonesha ndoto hiyo ilisimama juu ya nini na ilivunjwa na nini.

Istilahi inayotumika hapa ni "kibarua mhamaji". Neno "manamba", linalotokana na historia ya mkonge nchini Tanganyika, limeepukwa kwa makusudi. Manamba aliajiriwa kwa mkataba na kupewa namba, na kwa kawaida alikuwa na kwao alikotarajiwa kurudi. George na Lennie hawana kwao. Mkataba ukiisha, kilichobaki ni barabara.

2.0 Muktadha wa Kihistoria

Steinbeck alizaliwa Salinas mwaka 1902, na katika ujana wake alifanya kazi katika mashamba ya kampuni ya sukari ya Spreckels. Kwa hiyo wanaume wasio na familia, wanaotembea na matandiko yao mgongoni, ni watu wa kumbukumbu zake za miaka ya 1920 zaidi kuliko wa mwaka 1937. Kufikia wakati huo mashamba ya California yalitegemea Wameksiko, Wafilipino, na familia nzima zilizokimbia ukame na madeni kutoka Oklahoma, Arkansas na Texas. Mwandishi aliyajua hayo. Oktoba 1936 alichapisha mfululizo wa makala kuhusu familia hizo katika gazeti la San Francisco News. Aidha, Wafilipino waliokuwa wakivuna saladi Salinas waligoma mwaka 1934. Hakuna hata mmoja wao katika bweni la riwaya hii. Kimya hicho ni mpaka wa chanzo chetu, na mtafiti hana budi kuukiri kabla ya kukitumia.

Kilichokuwa cha wote ni udhaifu mbele ya sheria. Sheria ya Taifa ya Mahusiano Kazini ya mwaka 1935, iliyolinda haki ya wafanyakazi kuunda vyama, iliwaacha nje vibarua wa mashambani.

3.0 Upweke kama Zao la Ajira

George na Lennie wanafika shambani na kadi za kazi walizopewa na wakala wa ajira. Mali ya kila kibarua inakaa katika sanduku la matofaa lililopigiliwa ukutani juu ya kitanda chake. Kila kitu katika mpangilio huu kinamchukulia mtu kuwa mmojammoja, anayeweza kuondolewa leo na nafasi yake kujazwa kesho. Ndiyo maana bosi anaushuku urafiki wao: George anapomsemea mwenzake, swali la bosi ni kama anamnyang'anya Lennie mshahara wake. Katika mfumo huo, anayemjali mwenzake lazima awe na faida anayoitafuta.

Crooks, mtunza farasi mweusi, ametengwa mara mbili. Haruhusiwi bwenini, analala katika chumba cha hatamu akiwa na nakala iliyochakaa ya Sheria za Madai za California za mwaka 1905. Mtu mwenye kitabu cha haki hana mtu wa kucheza naye karata.

4.0 Hesabu ya Ndoto

Sheria ya Makazi ya mwaka 1862 iliahidi ekari 160 za ardhi ya umma kwa mlowezi aliyeishi juu yake na kuilima kwa miaka 5. Katika riwaya, ahadi hiyo imepungua kuwa ekari 10 za kununua kwa dola 600. Bei ni nafuu kwa sababu wazee wanaolimiliki shamba wamefilisika, na bibi anahitaji upasuaji. Yaani ndoto ya vibarua inawezekana kwa kuwa mkulima mdogo mwingine ameanguka. Crooks naye anakumbuka kwamba baba yake alikuwa na shamba la kuku la ekari kama 10. Mtoto wa ndoto hiyohiyo sasa ni mtumishi wa zizi.

Mshahara ni dola 50 kwa mwezi. Candy, mzee aliyekatika mkono shambani hapo, ana dola 50 benki, nyingine 50 atakazolipwa mwisho wa mwezi, na 250 alizopewa kwa sababu ya mkono wake. Umri mzima wa kazi umemwachia akiba ya mshahara wa mwezi mmoja. Mkono umemletea ya miezi mitano. George anahesabu kwamba wakiongeza dola 100 zao watakuwa na 450. Zaidi ya nusu ya fedha hizo ni thamani ya mkono uliokatika. Upungufu wa dola 150 ataulipa George kwa kubaki kwenye ajira, wenzake wakitangulia. Hata katika hesabu bora kabisa, marafiki wanaanza kwa kutengana.

5.0 Urafiki kama Mtaji

Hata hivyo, hesabu peke yake haitoshi. Lennie anapomuua mke wa Curley bila kukusudia, fedha za Candy ziko palepale. Mzee anauliza kama wao wawili wanaweza bado kulinunua shamba. Kilichopungua ni dola 50 tu za Lennie, sawa na kazi ya mwezi mmoja. Lakini George hana tena haja ya shamba. Anaona mbele yake mshahara wa mwezi, usiku wa mjini, kisha mwezi mwingine. Hivyo basi, urafiki haukuwa pambo la ndoto. Ulikuwa mtaji wake wa kwanza, na ndio pekee ambao benki isingeweza kuutunza.

6.0 Hitimisho

Mfumo wa ajira uliwafanya vibarua hawa kuwa wapweke, na upweke ukawafanya wasiweze kuweka akiba wala kudai haki kwa pamoja. Steinbeck hakuandika takwimu, lakini aliacha bei, mishahara na fidia ndani ya mazungumzo ya wahusika. Insha hii inapendekeza kwamba watafiti wa fasihi ya vibarua wazipigie hesabu namba hizo kabla ya kuzungumzia majaaliwa. Candy anabaki na dola zake 300 benki. Aliyekuwa tayari kupoteza kila kitu ndiye pekee ambaye fedha zake hazikuguswa, na hazina tena cha kununua.