Manamba

Manamba ni kibarua aliyeletwa kutoka mbali kufanya kazi katika shamba la mkonge. Neno limetokana na namba aliyopewa alipoandikishwa. Karani aliita namba, jina likawabakia vibarua. Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, na karibu miaka kumi baadaye reli ya Tanga ikafika Korogwe. Wenyeji wa huko, Wazigua na Wabondei, walikuwa na mashamba yao ya chakula, na wengi hawakuona sababu ya kuchomwa na miiba ya mkonge. Hivyo shamba la mkonge la Magunga na mashamba jirani yakategemea Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde na Warundi. Mwaka 1944 waajiri waliunda shirika la kuwakusanya, Silabu, nalo likawa neno la watu wote.

Mshahara ulifuata kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Kipande kikijaa, Jumamosi ya kambini ilikuwa ya pombe na ngoma, kila kabila na uwanja wake, hadi alfajiri. Haikuwa starehe tupu: wenzi wa ngoma ndio waliouguzana na kuzikana ugenini. Mjini Tanga ngoma ilipishana na dansi la magitaa, na bendi iliyoitwa Young Nyamwezi, jina lisilohitaji maelezo, baadaye ikawa Jamhuri Jazz.

Nchini Tanzania neno manamba limebaki na harufu ya dharau. Kenya limepanda gari: manamba huko ni utingo wa matatu, anayeita abiria na kukusanya nauli.