Uchache, Viraka na Thamani ya Land Rover Kuukuu

Ni vyombo vichache vya ng'ambo vilivyozoeleka vijijini mwetu kama Land Rover. Bwana shamba, mganga wa wilaya, askari polisi na padri, wote wamelipanda gari hilo, na aliyekulia mbali na barabara ya lami hana haja ya kuelezwa mlio wake. Kwa ajili ya mazoea hayo twaona ajabu kusikia kwamba huko Uingereza, lilikozaliwa, Land Rover moja kuukuu hugombewa mnadani kwa bei ipitayo ya gari jipya, ilhali jingine la umri ule ule halipati mnunuzi. Yafaa tuitazame mizani inayotumika, kwani nasi tunayo magari ya namna hiyo, na kila mwaka mengine huishia katika vyuma chakavu.

Land Rover lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Aliyelibuni, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, alikusudia chombo cha mkulima. Wakati ule, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa cha kugawiwa, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu; chasisi ndiyo iliyokuwa ya chuma. Msomaji alishike jambo hili, kwani ndilo chanzo cha ugomvi wote wa wakusanyaji. Aluminiamu haili kutu kama chuma. Miaka arobaini ikipita, hasa penye hewa ya chumvi, bodi hubaki imesimama ilhali mifupa iliyoibeba imekwisha kuoza. Fundi huleta chasisi nyingine. Je, gari ni lile lile? Namba ya utambulisho imepigwa kwenye mfupa uliotupwa!

Wengi hudhani kuwa uchache pekee ndio uletao thamani. Sivyo. Land Rover kwa jumla si gari adimu: la milioni moja lilitoka kiwandani mwaka 1976. Kilicho adimu ni aina fulani, na mara nyingi ni zile ambazo watu wa zamani hawakuzitaka. Kati ya 1948 na 1951 kampuni iliuza gari la abiria lenye bodi ya Tickford, iliyojengwa juu ya fremu ya mbao. Serikali ya Uingereza ililitoza kodi ya anasa kama gari dogo la starehe, wakati Land Rover la kawaida lilisamehewa kwa kuwa ni chombo cha kazi. Bei ikapanda, wanunuzi wakapungua, na hayakufika hata 700. Kisha mbao zikaoza. Leo anayelo huhesabiwa kuwa mwenye bahati, na sababu ya bahati yake ni ile ile iliyomtia hasara mwuzaji wa kwanza.

Upo pia uchache wa kutengenezwa makusudi. Desemba 2015 gari lililoadhimisha Land Rover la milioni mbili liliuzwa mnadani London kwa pauni 400,000, fedha zikaenda kwa mashirika ya hisani. Lilikuwa jipya, halijaonja tope. Mimi uchache wa namna hiyo haunivutii sana; ni sawa na shairi lililoandikwa ili lipate tuzo.

Linalonivutia ni gari lililoitwa Oxford. Kwa aina yake halikuwa adimu hata kidogo. Lakini mwaka 1955 vijana wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge walitoka London kwa magari mawili wakafika Singapore mwaka 1956, kisha wakarudi kwa njia ya nchi kavu. Baadaye Oxford lilipelekwa kwenye visiwa vya Atlantiki, likaishia Mtakatifu Helena likiwa hoi. Mwaka 2017 lilirejeshwa Uingereza, likakarabatiwa, na mwaka 2019 likaondoka Singapore kuelekea London. Hakuna aliyeuliza kama limebaki kama lilivyotoka kiwandani. Vifaa vilivyoongezwa kwa safari ndivyo hasa vinavyolitambulisha.

Hapo twafika kwenye suala la mabadiliko. Soko hutenganisha mambo ambayo macho ya kawaida huyaona kuwa mamoja. Kapi la kujivutia matopeni, au shafti ya nyuma ya kuendeshea msumeno na mashine za shamba, vikiwa ni vya zama zile na vya kampuni yenyewe, huongeza bei. Injini ngeni hupunguza, lakini si sana iwapo ile ya asili imehifadhiwa na yaweza kurudishwa. Kisichosamehewa ni kukata. Chasisi iliyofupishwa, au ubavu uliotobolewa ili kupachika magurudumu mapana, havirudi tena. Na gari hupoteza ushahidi wake, nao ushahidi ndio anaoununua mkusanyaji.

Mizani hiyo ni ya haki huko kwao, lakini ikiletwa hapa nzima nzima itatudhulumu. Land Rover letu la Serie ya Pili, lililowekwa injini ya dizeli ya Kijapani kwa sababu vipuri vya asili havikupatikana, springi zikaongezwa kwa ajili ya magunia, na benchi za mbao zikafungwa nyuma, mkusanyaji wa Uingereza ataliita gofu. Kwa mwanahistoria wa nchi hii viraka hivyo ni maandishi. Vyasema nani aliyekuwa na fedha za kigeni na nani hakuwa nazo, na fundi wa gereji ya chini ya mwembe alifikia wapi kwa ustadi wake. Kulirudisha gari hilo katika hali ya mwaka 1960 ni kumfuta fundi yule.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuchukua mwaka 1863 kuwa mpaka wake mkuu, na gari lo lote liko mbali na mpaka huo. Basi hifadhi yake i mikononi mwa mwenyewe. Mwenye gari hana budi kuanza na mambo madogo: anakili namba ya chasisi kabla kutu haijaila, aandike injini ilibadilishwa mwaka gani na kwa mkono wa nani, na ile ya zamani aiweke pembeni, aipake grisi, asiwape wanunuzi wa chuma wapitao na mizani zao.