Mzee wa Funyula na Milango ya Jela

Septemba 2000, wafungwa sita waliohukumiwa kunyongwa waliuawa katika gereza la King'ong'o, Nyeri, nchini Kenya. Serikali ilisema walikuwa wakitoroka, wengi hawakuamini. Siku hizo jela ilikuwa siri ya askari na wafungwa, na aliyetoka alirudi kijijini akiwa mkali kuliko alivyoingia.

Januari 2003 wizara ya mambo ya ndani, iliyosimamia magereza, ilikabidhiwa Moody Awori, mbunge wa Funyula, eneo la Wasamia linalopakana na Bunyala ulipo mji wa Port Victoria. Mpaka wa Uganda haukuwa jambo geni kwake: mdogo wake, Aggrey Awori, alikuwa mwanasiasa wa Uganda na aliwania urais huko mwaka 2001. Baada ya makamu wa rais Wamalwa kufariki, Septemba 2003 Mzee Moody alipewa nafasi hiyo huku magereza yakiwa bado chini yake. Alisukuma sera ya milango wazi kwa nguvu. Wanahabari na wahubiri wakaingia, magodoro na televisheni vikafuata, wafungwa wakafanya mitihani ya shule ya msingi (KCPE) na ya sekondari (KCSE) na majaribio ya ufundi. Wako waliomcheka kwamba anawadekeza wezi. Askari nao walikuwa na kinyongo chao, maana nyumba zao zilikuwa duni, na Aprili 2008 waligoma nchi nzima. Walikuwa na haki: huwezi kumtaka mtu anayelala vibaya amrekebishe mwenzake.

Hata hivyo, naona jambo kubwa zaidi lilitangulia bila kelele. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 ilimruhusu hakimu kumpa kazi ya umma mtu ambaye kifungo chake hakingezidi miaka mitatu. Mama aliyekamatwa na chang'aa, akashindwa kulipa faini, angeweza kufyeka uwanja wa zahanati mchana na jioni akalala kwake na wanawe. Kabla ya uamuzi, ofisa wa probesheni huenda nyumbani kwa mshtakiwa, akaongea na jamaa na chifu. Jela haina nafasi ya kumjua mtu hivyo, na haiwezi kumtenga mwizi mdogo na mabingwa wa wizi wanaolala naye.

Tatizo huanza anapotoka. Kijana wa Bunyala aliyejifunza useremala jela hurudi ufuoni mwa ziwa na cheti mkononi, na hapo kila wavu ukipotea jina lake ndilo la kwanza kutajwa. Akikosa msumeno na mteja, wanaomkaribisha ni wale aliowaacha, na magendo ya kuvuka kwenda Uganda hayaulizi cheti. Awori alipoteza kiti chake Desemba 2007, na tatizo hilo hakulimaliza. Haliwezi kumalizwa na waziri. Wenye mitumbwi wa Port Victoria, mnaohitaji seremala kila msimu, mpeni mmoja wa hao waliotoka jela ubao mmoja autengeneze kabla hamjamfukuza.