Thongpiny, 2014: Onyo Bila Mahali pa Kwenda

(Muziki wa kufungua. Sauti ya mvua juu ya mabati, inapungua polepole.)

MTANGAZAJI: Leo ni zamu ya historia.

Wiki iliyopita mama mmoja alitusimamisha njiani. Akasema, "Nyinyi watoto wa redio mlitangaza mvua kubwa. Nikabeba magodoro, nikahamia kwa jirani, na usiku kucha nyota zikawa zinawaka. Mkisema tena, niwaamini?"

Mama, umeuliza vizuri. Ili tukujibu, twende Juba, mtaa wa Thongpiny, kando ya uwanja wa ndege. Wengine huuandika Tomping.

Usiku wa tarehe 15 Desemba 2013 mapigano yalizuka Juba. Raia walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa, na moja ilikuwa hapo Thongpiny. Malango yakafunguliwa. Mahali hapo palijengwa kwa ajili ya ofisi na wafanyakazi, hapakupangwa kwa familia. Hata hivyo, katika miezi iliyofuata zaidi ya watu 20,000 waliishi humo, turubai likigusana na turubai.

Desemba ni kiangazi Juba. Ardhi ni kavu na ngumu. Mtu aliyekimbia risasi haulizi kama anapopiga hema ni bondeni. Lakini kila aliyekulia Juba anajua kwamba mvua hurudi mwezi wa tatu au wa nne, na huendelea hadi mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Onyo hilo halikuhitaji mtambo wala setilaiti. Lilikuwa kichwani mwa kila bibi.

Mvua ikaja kwa wakati wake. Sehemu ya chini ya kambi ikajaa maji. Mifereji ilifurika, vyoo vikaanguka, na uchafu ukachanganyika na maji ambayo watoto walikuwa wakipita ndani yake. Tarehe 9 Aprili 2014 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitoka hadharani na kuulaumu Umoja wa Mataifa kwa kutochukua hatua ya kutosha. Umoja wa Mataifa nao ulikuwa ukiandaa eneo jingine upande wa Jebel, pembeni ya mji, ili watu wahamie huko. Lakini eneo lilikuwa bado halijakamilika, na mvua haingoji fundi. Kambi ya Thongpiny ilifungwa mwishoni mwa mwaka huo, baada ya watu kuhamishwa.

Sasa jiulize, msikilizaji: onyo lilikosea wapi? Halikukosea. Lilisema mvua itakuja, na mvua ikaja. Kilichokosekana ni mahali pa kwenda. Nje ya lango kulikuwa na hofu ya kuuawa, ndani ya lango kulikuwa na maji. Ukimwambia mtu "hama" na hana pa kuhamia, umemwongezea wasiwasi tu.

Lakini Thongpiny ina habari ya pili, na hii husimuliwa mara chache. Wataalamu wa afya walijua kwamba msongamano, vyoo vibovu na mvua huleta kipindupindu. Mapema mwaka 2014, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa, watu katika kambi kadhaa za Sudan Kusini, Thongpiny ikiwemo, walipewa chanjo ya kunywa. Dozi hizo zilitoka kwenye akiba ya dharura ya dunia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza akiba hiyo kutumika. Tarehe 15 Mei serikali ikatangaza mlipuko Juba. Kufikia mwisho wa mwaka nchi ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 6,000, na zaidi ya 160 walifariki. Wengi wa wagonjwa wa Juba walitoka mitaa iliyo nje ya kambi hizo.

Mahali ni pamoja, mwaka ni ule ule. Onyo la maji lilikuta kazi haijaisha. Onyo la ugonjwa lilikuta dawa iko mkononi.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Turudi nyuma zaidi. Mongalla ni mji mdogo kwenye Mto Nile, kaskazini ya Juba. Tangu 1905 maji ya mto yalipimwa hapo, na vipimo vikaandikwa kwenye vitabu. Waliovitaka zaidi walikuwa wahandisi wa umwagiliaji, waliohesabu maji yatakayofika Misri. Mwaka 1961 mvua kubwa sana ilinyesha Afrika Mashariki. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na bwawa la Sudd likapanuka zaidi ya mara mbili, likimeza malisho na vijiji. Vipimo vilikuwepo, lakini vilikusanywa kwa ajili ya walio mbali. Halafu vita vya 1983 vikakatiza hata upimaji wenyewe. Kwa hiyo ukisikia onyo, uliza pia: linatengenezwa kwa ajili ya nani?

Siku hizi hali imebadilika kiasi. Tangu 1998 wataalamu wa hali ya hewa wa kanda yetu hukutana na kutoa utabiri wa msimu, kazi inayoongozwa leo na kituo cha IGAD kiitwacho ICPAC. Hawasemi "itanyesha" au "haitanyesha". Wanasema nafasi: pengine 6 kati ya 10 kwamba mvua itazidi kawaida. Mama yangu uliyetusimamisha, hapo ndipo sisi watangazaji tulipoteleza. Tulichukua "huenda" tukaitangaza kama "lazima". Tunakuomba radhi.

Hata Marekani, yenye rada na ving'ora, takriban maonyo 7 kati ya 10 ya tornado, ule upepo mkali unaozunguka kama pia, hayafuatwi na tornado. Hata hivyo wengi hushuka kwenye chumba cha chini, kwa sababu chumba kiko hapo hapo na kungoja humo hakugharimu kitu kikubwa. Onyo likikosea mara kadhaa bado linafaa, mradi kujikinga ni rahisi.

Na lazima lisikike. Mwaka 2014 huko Juba shirika la Internews lilianzisha Boda Boda Talk Talk: wakaazi wa kambi walirekodi kipindi wenyewe, kikazungushwa kambini kwa spika juu ya pikipiki ya magurudumu manne. Asiye na redio alisikia, tena kwa lugha yake, kutoka kwa mtu anayemjua.

Hapa Kakuma sisi tuna laga la Tarach. Linaweza kuwa mchanga mtupu asubuhi, na mvua ikanyesha mbali milimani, maji yakakufikia jua likiwa linawaka kichwani pako. Kwa hiyo ukisikia onyo, liulize maswali manne. Nani amesema? Ni wapi hasa? Ni lini? Na mimi niende wapi? Likikosa jibu la nne, lipeleke kwa kiongozi wa bloku leo, kabla wingu halijaonekana. Weka kadi ya chakula na vyeti kwenye mfuko wa plastiki. Watoto wasicheze lagani. Na yule jirani asiyesikia vizuri, mgongee mlango.

Mama, ukitusikia tena, usituamini kwa upofu. Tuulize swali la nne. Tusipokuwa na jibu, tutalitafuta pamoja na wewe.

Kwaherini, na mlale pakavu.

(Muziki wa kufunga.)