Njia ya Pili ya Maji

Mwaka 1846 Anna Thynne alichukua matumbawe hai kutoka ufukwe wa Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, akayapeleka nyumbani kwake London. Maji ya bahari yakituama hukosa hewa, na viumbe hufa. Kwa hiyo mtumishi wake wa ndani alipewa kazi ya kila siku: kukaa karibu na dirisha lililo wazi na kumimina maji kutoka chombo hiki hadi kile, nusu saa au zaidi. Jina la Thynne limo katika historia ya akwaria. La mtumishi halikuhifadhiwa, ingawa mikono yake ndiyo iliyokuwa pampu.

Historia hiyo kwa kawaida husimuliwa kwa kuanzia kwenye kioo: watu wa mjini wakakodolea macho viumbe ambao zamani waliwajua wavuvi tu. Lakini kioo huzuia maji, hakiyaendeshi. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza jinsi samaki, mimea na konokono wanavyoweza kutegemeana ndani ya chombo kimoja. Miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya Regent's Park ikafungua nyumba ya samaki kwa umma. Hata hivyo, uwiano wa namna hiyo ni dhaifu: kiumbe mmoja akifa na kuoza, maji yote ya chombo huharibika.

Aliyeona mbali zaidi alikuwa William Alford Lloyd, fundi wa kujalidi vitabu aliyegeuka muuza akwaria. Katika akwaria ya Crystal Palace, iliyofunguliwa London mwaka 1871, alijenga hodhi kubwa chini ya matangi ya maonyesho. Hodhi hilo lilikuwa gizani ili mwani usiote. Injini ya mvuke ilipandisha maji juu, nayo yakifurika yalishuka yenyewe kwa uzito wake, yakichota hewa njiani. Pampu na mabomba yalikuwa ya mpira mgumu, kwa sababu chuma na shaba vingewadhuru viumbe wa baharini.

Pampu ndogo za umeme na mabomba ya plastiki zimeingiza mpango huo sebuleni: tangi juu, hodhi ndani ya kabati chini yake. Na hapo bomba la kushushia maji ndilo lenye matatizo. Likishusha maji pamoja na hewa, hukoroma usiku kucha. Likijaa maji tupu, huwa sifoni: kimya, na lenye nguvu zaidi. Lakini mwendo wa sifoni na wa pampu haulingani kamwe. Sifoni ikizidi, hufyonza hewa na kelele hurudi. Ikipungua, maji humwagika sakafuni.

Mwanzoni mwa karne hii wafugaji wa samaki wa Marekani walieneza jibu la mabomba matatu. La kwanza ni sifoni yenye koki, iliyobanwa ipitishe kidogo pungufu ya kiasi kinacholetwa na pampu. Ziada huteleza taratibu kwenye kuta za bomba la pili, lililo wazi kwa hewa. La tatu mdomo wake uko juu zaidi, nalo hukaa kavu. Konokono akiziba la kwanza, maji hupanda na la pili huchukua mzigo. Nalo likishindwa, lipo la tatu.

Umeme ukikatika, jambo ambalo wengi wetu hatuhitaji kuelezwa, maji ya juu hushuka hadi usawa wa ukingo wa kufurikia. Hodhi lazima liwe na nafasi ya kuyapokea. Bomba la kupandishia nalo huweza kugeuka sifoni na kurudisha maji chini. Tundu dogo karibu na uso wa maji huingiza hewa na kuikata.

Fundi makini hufanya majaribio kabla ya kuweka samaki hata mmoja: anafunga koki ya kwanza kabisa, anaziba la pili, kisha anazima umeme, huku akitazama sakafu. Bomba la tatu linaweza kumaliza miaka bila kupitisha tone. Wakati wa kununua vifaa, ndilo ambalo mtu hushawishika kuliacha. Mtumishi wa Thynne angeweza kuona chombo kinakaribia kufurika akaacha kumimina. Pampu haioni.