Chombo cha Kuzama Kilikuwa na Usukani

Jumapili moja, miaka michache iliyopita, niliipeleka familia yangu kisiwani Mbudya, kaskazini mwa Dar es Salaam. Pale ufukweni Kunduchi tulipandishwa kwenye boti iliyoandikwa ubavuni kuwa uwezo wake ni watu 20. Nikahesabu vichwa: tulikuwa 31. Jaketi okozi zilikuwepo, ila zimefungwa kamba fungu moja na kukandamizwa na makreti ya soda. Mama mmoja wa makamo, aliyefuatana na mjukuu wake, akamwambia kijana wa boti, “Mwanangu, punguza watu, la sivyo nishushe mimi.” Kijana akajibu, “Mama, ni dakika chache tu, usihofu.” Yule mama akambeba mjukuu, akashuka kwenye maji ya magotini, akarudi nchi kavu. Baadhi ya abiria wakacheka. Mimi, mwalimu wa historia mwenye shahada ya uzamivu, nilinyamaza nikiwa nimewapakata wanangu wawili. Tukafika salama.

Wahenga wetu walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Kila baada ya msiba wa majini methali hiyo hurudiwa pamoja na mwenzake, ajali haina kinga, na mazishi yakiisha mjadala nao huzikwa. Ninaomba kuipinga kwa ushahidi wa vyombo vitatu. Vyote vilibeba watu waliokwenda kustarehe, na katika vyote usukani ulikuwa mikononi mwa watu wanaojulikana.

Cha kwanza ni General Slocum. Tarehe 15 Juni 1904, meli hiyo ya matembezi iliondoka New York ikiwa na waumini wa kanisa moja la Kilutheri, Wamarekani wenye asili ya Ujerumani, waliokuwa wakienda kwenye tafrija yao ya kila mwaka. Ilikuwa siku ya kazi, hivyo wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Moto ulipozuka upande wa mbele, mabaharia walifungua mipira ya kuzimia moto ikapasuka kwa uchakavu. Maboya ya kujiokolea yalikuwepo kwa maelfu, lakini yalikuwa na umri sawa na meli yenyewe, miaka 13, na koki iliyojazwa ndani yake ilikuwa imegeuka unga. Akina mama waliwavisha watoto wao, wakawatupa majini, wakawaona wakizama. Zaidi ya watu 1,000 walikufa, kati ya takriban 1,300 waliokuwamo. Mkaguzi wa serikali alikuwa ameipitisha meli hiyo mwezi mmoja tu kabla. Aliyefungwa ni nahodha. Kampuni yenye meli ilitozwa faini ndogo.

Cha pili ni Eastland. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912 na kubainika kuwa mashua zake za kuokolea hazikutosha watu wote waliokuwamo, Marekani ilipitisha sheria mwaka 1915 ya kuongeza mashua hizo melini. Wenye Eastland walitii. Waliongeza mashua na maboya juu kabisa ya meli ambayo tangu mwaka 1904 ilikuwa imekwisha kuonyesha tabia ya kulala upande. Kwa kuwa vifaa vimeongezeka, ikaruhusiwa kubeba watu 2,500. Asubuhi ya tarehe 24 Julai 1915, wafanyakazi wa kiwanda kimoja na familia zao walijaa humo wakienda kwenye mandari. Meli ikapinduka ingali imefungwa gatini, katikati ya jiji la Chicago. Watu 844 walikufa hatua chache kutoka ukingoni. Mwaka 1935, miaka 20 baadaye, mahakama ya rufaa iliwaondolea wamiliki lawama, ikambebesha mhandisi wa meli, ambaye alikuwa amekwisha kufariki.

Cha tatu ni cha kwetu, katika Ziwa Victoria. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Miezi miwili tu baadaye, tarehe 24 Novemba, upande wa Uganda, boti ya starehe iitwayo MV Templar iling'oa nanga ikiwa na muziki, vinywaji na watu wapatao mara mbili ya uwezo wake. Haikuwa na leseni. Ilizama si mbali na ufuko wa Mukono, ikaua zaidi ya watu 30, akiwemo mmiliki wake na mkewe. Wengi wa walionusurika waliokolewa na wavuvi.

Vyombo hivi havifanani kwa ukubwa wala kwa sababu za kuzama. Slocum ilikuwa na maboya yasiyofaa. Eastland ilidhuriwa na vifaa vya usalama vyenyewe. Templar haikupaswa kuwa majini kabisa. Kinachoviunganisha ni mazoea. Slocum ilibeba abiria kwa miaka 13, Eastland kwa miaka 12, na kila safari iliyofika salama ilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba wanaolalamika ni waoga. Mimi nami nilirudi kutoka Mbudya na ushahidi wa namna hiyo hiyo.

Hoja yangu ni hii: sheria na vifaa havimwokoi mtu pasipo mwenye mamlaka ya kusema “imejaa” na akasikilizwa. Kijana wa boti analipwa kwa kichwa. Tukimwachia yeye peke yake kuhesabu, tumemwomba apunguze ujira wake. Kwa hiyo anayehesabu lazima awe mwingine, asiyefaidika na wingi wa abiria. Orodha ya majina ibaki nchi kavu kabla ya boti kuondoka. Kila abiria avae jaketi lake, limfunge sawasawa, pale pale ufukweni, maana hakuna anayefungua fungu la jaketi mawimbi yakishaingia ndani. Na ukaguzi ufanywe ghafla, Jumapili mchana boti zikiwa zimejaa, badala ya siku ya kutoa leseni.

Hayo ni ya serikali. Lakini siku ile Kunduchi hapakuwa na serikali. Palikuwa na watu wazima wapatao 25, na mmoja tu ndiye aliyeshuka. Laiti watano tungemfuata, boti isingeondoka vile. Sikuwahi kumwuliza yule mama jina lake. Wanangu, ambao sasa wamekua, humkumbuka bado, na mwaka jana mmoja wao aliniuliza kwa nini sisi hatukushuka. Sikuwa na jibu la kumpa.