Kwani Kastom ni ya Wazungu?

Sikiza. Mwezi uliopita tulivusha pikipiki feri ya Likoni ikiwa juu ya mkokoteni. Haina tairi la mbele, siti imebaki waya tupu, tangi lina kutu mpaka ukiligusa linakuachia rangi mkononi. Honda CG125, ya marehemu ami yangu. Imekaa chini ya mwembe tangu mimi niko shule ya msingi, kuku wanataga humo. Nataka kuijenga upya: fupi, nyepesi, siti ya mtu mmoja, taa ya duara.

Tumefika Mlaleo, jamaa mmoja wa boda akaiangalia juu mpaka chini, akacheka. "Kaka, hayo mambo ya kastom si ni ya wazungu wenye pesa?"

Nikacheka na mimi kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, ila ni refu kidogo.

Hao wazungu wenyewe kwanza. Vita vya pili vya dunia viliisha 1945, wanajeshi wa Marekani wakarudi nyumbani. Pikipiki za kwao zilikuwa nzito kama ng'ombe. Basi vijana wakang'oa madigadi ya mbele, ya nyuma wakaikata, kila kisichosaidia kwenda kikatupwa. Hakuna aliyeuziwa mtindo dukani, ni spana na msumeno tu. London nako, miaka ya 1950 na 1960, vijana wa kazi za mikono walikuwa wanakutana Ace Cafe, mkahawa wa madereva wa malori kando ya barabara kubwa. Walichukua injini ya Triumph wakaipachika kwenye fremu ya Norton, wakaiita Triton. Kampuni mbili zinashindana, kijana anazioza kwa nguvu kwenye gereji ya nyuma ya nyumba. Pesa na majarida yalikuja baadaye sana.

Sasa turudi huku kwetu. Boda yenyewe ilianza na baiskeli, Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Watu walikuwa wanahitaji kuvushwa kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, ndiyo hilo jina. Na baiskeli ile haikutoka kiwandani na kiti cha abiria. Ilikuwa na keria ya mzigo, mtu akatafuta godoro kidogo, akalishona, akalifunga juu. Hapo ndipo usafiri wa mamilioni ya watu ulipoanzia, kwenye mto wa kukalia.

Pikipiki zilifumuka 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya sisi 250. Mwaka 2005 zilizosajiliwa Kenya nzima hazikufika 5,000. Kufikia 2010 zilikuwa zinapita 100,000 kwa mwaka mmoja. Wengi wenu mmekulia ndani ya hiyo hesabu, mmepelekwa shule nayo watatu watatu.

Ila hebu nenda steji yoyote uangalie vizuri. Boxer inatoka dukani na siti ya kawaida. Kabla haijabeba abiria inapita kwa fundi: gadi za chuma zinachomelewa mbele, siti inarefushwa, keria inaongezwa, mwavuli juu, redio, taa za rangi kama harusi. Yule jamaa aliyenicheka alikuwa amekalia haya yote. Yaani mtu amekalia kastom anauliza kastom ni ya nani!

Goma wao hawana aibu na vitu vyao. Chukudu, ile skuta ya mbao inayobeba mizigo kuliko pikapu, ilijengwa na watu wenyewe kwa shoka na msumari, na tangu 2009 ina sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Sisi fundi wetu tunamjua kwa jina la gereji tu, na hapo bado tunamwomba apunguze bei.

Fundi wangu, mzee wa Kisauni ambaye hataki hata kupigwa picha, aliifungua injini ya ami kama mtu anayefungua sufuria la nyumbani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi, miaka miwili injini naiona ubaoni. Yeye ndiye aliyenionyesha kwa nini hii CG haifi. Honda waliitoa miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu, wakijua mwenyewe atasahau kubadilisha oili na hatapeleka sevisi. Wakaacha kuweka cheni ya taiming ndani, wakatumia gia na fito za kusukuma valvu. Kelele kidogo, lakini inavumilia. Wachina wakainakili, na boda nyingi za kichina mnazozijua ni wajukuu zake.

Nilimwambia nataka fremu ikatwe nyuma. Akakataa. "Mwanangu, hii ndiyo inayoshika kila kitu. Ukikata bila hesabu, siku ya breki utanikumbuka." Na ukweli, video nyingi za kujenga pikipiki hazionyeshi hiyo siku. Pia ukibadilisha rangi au injini, NTSA lazima wajue, logibuku irekebishwe. Yangu bado ina jina la ami. Mkewe aliitoa kwenye mkebe wa biskuti, akaniuliza swali moja: "Utaigeuza hata nisiijue?"

Sikumjibu vizuri. Nilisema nitaona.

Wiki jana tukaanza kupiga grainda kutu ya nyuma. Chini ya rangi nyekundu ikatokea rangi nyingine, ya kijani, na vipande viwili vya chuma vilivyochomelewa kwenye fremu, kila upande kimoja. Si vya Honda, mshono wake mbaya, umevimba kama kovu. Fundi akavigonga na nyundo, akatikisa kichwa. Vilikuwa vya kushikia makreti. Ndipo nikakumbuka harufu: ami alikuwa anatoa samaki Likoni asubuhi, anavuka nao feri, mpaka sokoni. Mimi nilijua alikuwa na pikipiki. Sikujua aliijenga.

"Hii ishapata fundi kabla yako," mzee akasema.

Kwenye mchoro wangu vile vyuma havipo. Siti ya mtu mmoja haitaki makreti. Fundi ameniuliza mara mbili kama avikate, grainda iko mkononi, na mara mbili nimemwambia tuanze na breki.